Umefunga gesi, rimu au redio mpya? Namna ya kuviingiza kwenye bima kubwa ya gari lako

Gari lilikuwa IST ya rangi ya fedha, limegongwa nyuma na lori ambalo halikusimama. Buti lilibonyea hata likagoma kufunguka, fundi akalifungua kwa mtaimbo. Ndani palikuwa na mtungi wa gesi ya kuendeshea gari. Mtungi wenyewe ulikuwa mzima, ila fremu ya chuma inayoushikilia ilikuwa imepinda na bomba moja limechomoka. Mkaguzi wa kampuni ya bima akapiga picha mbili, akafungua faili lake, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma tena, kisha akauliza: “Kaka, huu mtungi upo kwenye bima?”

Mwenye gari akanigeukia. Mimi ndiye wakala niliyemkatia bima mwezi wa tatu. Gesi aliifunga mwezi wa saba. Hakuniambia, nami sikuwa nimemuuliza wala kumwonya. Baada ya wiki saba za barua na simu kampuni ililipa bodi. Mfumo wa gesi, uliomgharimu shilingi milioni 1.9, haukulipwa hata senti.

Tangu siku ile, kila anayekata bima kubwa kwangu tunalizunguka gari lake pamoja kabla hajalipa. Mwongozo huu ni mzunguko huo, na karatasi zinazoufuata. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania, lakini msingi wake hautofautiani sana na wa Kenya au Uganda.

Kampuni inalijua gari la kwenye karatasi

Ulipokata bima ulijaza fomu ya maombi, au wakala alikujazia ukatia saini: aina ya gari, mwaka, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, matumizi, thamani. Kampuni ilipanga bei kwa kutazama fomu ile. Haijui gari lako jingine lolote zaidi ya hilo lililoandikwa. Mkataba wa bima husimama juu ya nia njema kabisa: wewe ndiye unayelijua gari, kwa hiyo wewe ndiye mwenye wajibu wa kusema jambo lolote ambalo lingeweza kubadilisha uamuzi wa kampuni au bei yake. Hoja ya “hawakuniuliza” ina nguvu ndogo sana siku ya dai.

Kwa mwenye bima ndogo, ile ya kulipa madhara kwa watu wengine, gari lako mwenyewe halilipwi, kwa hiyo redio na rimu hazina mjadala. Lakini mabadiliko ya injini, ya mafuta na hasa ya matumizi bado yanakuhusu. Kampuni inaweza kumlipa majeruhi kisha ikakugeukia wewe irudishiwe fedha zake.

Hatua ya kwanza: tenganisha vitu katika mafungu

Watu wengi huchanganya hapa. Kuna vitu vilivyotoka kiwandani na gari. Hivyo vimo ndani ya thamani ya gari, huna haja ya kuvitaja kimojakimoja.

Kuna vifaa vya kuongeza: redio ya skrini, spika na amplifaya, rimu za spoti, kamera ya nyuma, keria ya juu, kanopi ya pikapu, bampa la chuma, taa za ziada, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Hivi vinaongeza thamani, na vingi vinaongeza pia hamu ya mwizi.

Kisha kuna mabadiliko yanayoligeuza gari lenyewe: kufunga gesi, kubadili injini, kuongeza turbo, kulinyanyua, kukata bodi, kuongeza viti, kubadili rangi. Haya ndiyo yanayoiumiza kichwa kampuni, hata pale ambapo hayaongezi thamani yoyote. Ukinyanyua Prado kwa springi ndefu na shokapu za bei nafuu, thamani yake haijapanda, ila namna linavyokata kona imebadilika.

Fungu la nne ni matumizi. Gari binafsi likianza kubeba abiria wa kuagizwa kwa simu, au Noah ya familia ikianza safari za kulipisha nauli, umebadilisha aina ya bima unayohitaji. Hilo halirekebishwi kwa kutaja kifaa kipya. Mwambie wakala akuhamishie kwenye bima ya biashara.

Halafu kuna jambo la kwetu hasa. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani. Rimu unazodhani ni za kiwandani huenda alizifunga mwenye gari wa kwanza kule Nagoya, na redio ni ya kwake pia. Mthamini anapotafuta bei ya gari lako anatazama modeli na mwaka, hatazami vitu alivyopenda yule Mjapani. Kama kifaa ni cha bei kubwa na huna hakika kilitoka wapi, kiandike.

Hatua ya pili: lizunguke gari, kalamu mkononi

Fanya mchana, gari likiwa safi. Anzia mbele kwenye bampa na taa, shuka kwenye matairi na rimu (andika saizi iliyochapwa ubavuni mwa tairi), pita vioo vya pembeni, panda juu kwenye keria. Ingia ndani: redio, kamera, viti kama vimeshonewa ngozi. Fungua buti. Fungua boneti. Mwisho piga magoti utazame chini, kwenye springi, shokapu na ekzosi.

Kwa kila kitu kilichoongezwa andika aina, namba iliyochapwa juu yake, nani alifunga, lini, na kwa shilingi ngapi. Piga picha mbili: moja ya karibu inayoonyesha namba, nyingine ya mbali ambamo kifaa na namba ya usajili ya gari vinaonekana pamoja. Hii ya pili ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo inayothibitisha kwamba rimu zile zilikuwa kwenye gari lako.

Kwenye redio tazama nyuma pia, kama fundi anaweza kuichomoa kidogo. Nimewahi kuona waya wa amplifaya ulioungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, umeviringishwa gundi ya karatasi ile ya mafundi rangi. Moto ukianzia hapo, ripoti itaandika “hitilafu ya waya wa kuongeza”, na mazungumzo yako na kampuni yataanza vibaya. Mlipe fundi umeme aweke fyuzi kabla hujapiga picha.

Hatua ya tatu: risiti na vyeti

Hapa ndipo Kariakoo inapotuponza. Umenunua rimu kwa bei nzuri, muuzaji amekuandikia kikaratasi au hajakuandikia kitu. Siku ya dai kampuni itataka risiti ya EFD. Idai palepale dukani; ni haki yako. Kama kifaa ulishanunua zamani na risiti huna, tafuta ankara kifani kutoka maduka mawili inayoonyesha bei ya kifaa kama hicho leo, uiambatanishe na picha zako, na umwombe mkaguzi wa kampuni aje akione kwa macho. Ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa kabla ya ajali ina uzito kuliko risiti iliyotafutwa baada yake.

Kwa mabadiliko makubwa unahitaji karatasi zaidi. Ukibadili injini au rangi, anzia TRA ili kadi ya gari isomeke sawasawa na gari lilivyo, ndipo uende bima. Injini yenye namba isiyofanana na kadi ni tatizo hata bila ajali: trafiki akifungua boneti barabarani, wewe ndiye wa kueleza. Na jambo linalokatazwa na sheria ya barabarani, kama vimulimuli na ving'ora kwenye gari la mtu binafsi, halihalalishwi kwa kulitaja kwenye bima.

Gesi: hili nilitolee maelezo marefu

Dar es Salaam sasa magari yanayotumia gesi asilia ni mengi, na sababu haihitaji maelezo kwa anayejaza mafuta kila siku. Gesi inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, mafundi wanapatikana, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) nayo inafunga. Gari hubaki na tangi lake la petroli, linatumia vyote viwili. Kwa hiyo mwenye gari haoni kama amebadilisha kitu kikubwa.

Tazama sasa kwa jicho la kampuni. Ndani ya buti pameingia mtungi unaohifadhi gesi kwa presha ya bar 200 hivi. Mtungi wa chuma una uzito wa mtu mzima, na uko nyuma muda wote. Bomba la presha kubwa linapita chini ya gari hadi mbele. Kuna rejuleta na waya mpya kwenye injini. Mfumo uliofungwa vizuri ni salama. Mitungi hii hutengenezwa na kupimwa kwa ajili ya presha hiyo. Kampuni inachotaka kujua ni kama wako umefungwa vizuri, na nani atasimama kusema hivyo.

Kwa hiyo peleka vitu vitano: cheti cha karakana iliyofunga, risiti, namba ya mtungi pamoja na tarehe ya kutengenezwa na ya kupimwa tena (zimegongwa kwenye shingo au ubavu wa mtungi), picha ya mtungi ulivyofungwa, na picha ya sehemu ya injini. Kama fundi alifunga chini ya mwembe na hana cheti, usipeleke taarifa ukitumaini hawatauliza. Nenda kwanza karakana iliyoidhinishwa, waukague mfumo na kuurekebisha. Itakugharimu, lakini unaendesha watoto wako mbele ya mtungi huo.

Waulize swali hili kwa maandishi: “Je, gari likiungua, mkataba wangu unalipa hata kama gari linatumia gesi?” Nimeona kampuni zinazojibu ndiyo bila kuongeza shilingi, zinazoongeza thamani ya mfumo tu, na zinazotaka ukaguzi wao wenyewe kwanza. Jibu lolote kati ya hayo ni bora kuliko ukimya.

Hatua ya nne: thamani, na hesabu yake

Wengi hawataji vifaa kwa kuogopa bei. Tufanye hesabu. Chukua gari la shilingi 15,000,000. Umefunga gesi ya 1,900,000, rimu na matairi 1,200,000, redio na spika 900,000. Jumla ya nyongeza ni 4,000,000, gari sasa lina thamani ya 19,000,000. Kwa asilimia 3.5, kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi, nyongeza ile ni shilingi 140,000 kwa mwaka mzima. Weka VAT ya asilimia 18, yaani 25,200, inakuwa 165,200. Kama bima imebakiza miezi sita, kwa kawaida unalipa karibu nusu ya hapo.

Sasa upande wa pili. Mikataba mingi ina kanuni ya wastani: ukikata bima kwa thamani ndogo kuliko halisi, unalipwa kwa uwiano uleule. Gari la 19,000,000 lililoandikwa 15,000,000, likipata hasara ya 3,800,000, hesabu inakuwa 3,800,000 mara 15 gawanya kwa 19. Unapata 3,000,000, kabla hata ya kukatwa eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Umeokoa 165,200 ukapoteza laki nane.

Usiongeze chumvi pia. Kampuni hulipa thamani ya kifaa kilivyokuwa kabla ya hasara, baada ya kutoa uchakavu wake. Redio ya miaka minne ukiiandika kwa bei ya mpya, utailipia kila mwaka kwa bei ya mpya na kulipwa kwa bei ya mtumba.

Magari ya safari ya Arusha

Neno kwa wenye kampuni za utalii, maana kwenu fedha ni nyingi zaidi. Land Cruiser inaingia ikiwa pikapu au hardtop, inapelekwa karakana, chesisi inarefushwa, paa linakatwa na kuwekwa la kunyanyuka, viti vinafungwa upya, friji, redio ya mawasiliano, tangi la pili. Gari linalotoka karakana si lile lililoingia. Nimeshuhudia mkataba ulioandikwa thamani ya ankara ya gari tupu, kazi yote ya karakana haimo. Peleka ankara mbili, ya gari na ya karakana, zijumlishwe, na fomu iandike idadi ya viti vya sasa. Kiti kilichoongezwa bila kutajwa kina mtalii juu yake.

Hatua ya tano: andika, lipa, pokea hati

Simu kwa wakala si taarifa. Ujumbe wa WhatsApp wenye alama mbili za buluu unaonyesha umesomwa tu. Hauonyeshi kwamba kampuni imekubali. Tuma barua pepe kwa kampuni, nakala kwa wakala. Maneno kama haya yanatosha:

“YAH: Vifaa vilivyoongezwa kwenye gari namba T ___. Mimi mwenye mkataba wa bima namba ___ natoa taarifa kwamba kuanzia tarehe ___ gari langu limefungwa vifaa vilivyoorodheshwa hapa chini, pamoja na thamani zake. Naomba mthibitishe kwa maandishi kama mnavikubali, muongeze thamani ya bima kutoka shilingi ___ hadi shilingi ___, mnijulishe ada ya ziada, na mnipe hati ya nyongeza yenye tarehe ya kuanza. Nimeambatanisha picha, risiti na cheti cha fundi.”

Wakijibu na kutaja ada, lipa mara moja. Tanzania bima haianzi kabla ya malipo. Nyongeza isiyolipiwa ni sawa na isiyoombwa. Kisha usiridhike na risiti ya malipo. Subiri hati ya nyongeza, uisome: je, kila kifaa kimetajwa, thamani ni ileile, tarehe ni sahihi? Neno “vifaa mbalimbali” lirudishe, waandike kimojakimoja. Ingia pia kwenye TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), kwa namba ya gari, uone kama bima yako inasoma na taarifa za gari ni sahihi.

Maswali ambayo wakala wako anapaswa kukujibu

Mama mmoja wa Mbezi alinipigia alfajiri. “Mwanangu, wameng'oa vioo vyote viwili na kontrol boksi. Gari limebaki.” Nikamwambia, “Pole sana mama, ngoja nitazame mkataba.” Nilikuwa nalijua jibu kabla sijafungua faili. Mikataba mingi ya gari binafsi hailipi vifaa au vipuri vilivyoibwa peke yake. Mpaka gari lenyewe liibwe wakati uleule. Yeye alikuwa ametaja kila kitu. Kilichokosekana ni kipengele cha wizi wa vifaa peke yake, ambacho baadhi ya kampuni hukiongeza kwa ada ndogo. Kiombe kwa jina hilo.

Uliza pia kikomo cha kioo cha mbele na cha redio, maana mara nyingi vina kiwango chao maalumu hata kama thamani ya gari ni kubwa. Uliza kama kifaa kinalindwa kikiwa nje ya gari. Kwa kawaida hakilindwi: rimu ulizozivua na kuziweka stoo si sehemu ya gari tena. Na uliza eksesi ya kifaa chenyewe. Haina faida kulipia redio ya laki tatu ikiwa eksesi yako ni laki tatu.

Wasomaji wa Kenya, kwenu kampuni nyingi hukupeleka kwa mthamini baada ya kukata bima. Usimwachie dereva kazi hiyo. Nenda mwenyewe, mwonyeshe kila kilichoongezwa, na ukipata ripoti hakikisha vimo. Injini au rangi ikibadilika, zirekebishe NTSA kwanza.

Kama umeshaendesha miezi bila kusema

Sema leo. Hakuna adhabu ninayoijua kwa mteja anayekuja mwenyewe kabla ya ajali. Kampuni itakagua, itaongeza ada, na kazi itaendelea. Ajali ikishatokea mlango huo umefungwa. Usitume taarifa usiku baada ya kugongwa ukirudisha tarehe nyuma. Picha za simu zina tarehe ndani yake, karakana ina daftari, na dai ambalo lingelipwa kwa sehemu linakataliwa lote kwa udanganyifu.

Kampuni ikikataa dai na unaamini ulitaja kila kitu, omba sababu kwa maandishi, ukitaja kipengele cha mkataba. Andika malalamiko kwa kampuni kwanza. Usiporidhika nenda TIRA, au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Chukua barua pepe yako, hati ya nyongeza, risiti, na zile picha mbilimbili.

Ukivua kifaa, toa taarifa vilevile, thamani ishushwe. Ukiuza gari, sema kama rimu zinaenda nalo. Na bima ikikaribia kwisha usikubali wakala a-renew kwa kunakili karatasi ya mwaka jana. Lizungukeni gari upya. Yule wa IST alirudi kwangu mwaka uliofuata. Kabla sijasimama alikuwa ameshafungua buti, ameshika simu, ananisomea namba ya mtungi.